Tangu Maikrowevu Iingie Jikoni Kwetu

Jumamosi, mwezi wa saba. Upepo wa Dodoma leo umeamka na ugomvi, vumbi mpaka kwenye meno. Niko kwenye kibanda cha intaneti karibu na soko, nimejifunga khanga mbili juu ya sweta, na nimekaa mbele ya kompyuta muda mrefu bila kuandika kitu.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: naishi na mume wangu, Baba Rehema, mnunuzi wa mahindi. Siku za soko, akishaswali alfajiri, anaendesha pikapu yake mpaka Kibaigwa na kurudi jioni. Rehema mwenyewe yuko shule ya bweni. Nyumbani tumebaki wawili.

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanza na chakula.

Nilikulia katika nyumba ambayo kiporo ndicho kilichokuwa chakula cha asubuhi, na mkate ulikuwa wa wageni na wagonjwa. Mama alikuwa na taratibu zake. Wali uliolala ulinyunyiziwa maji kwa ncha za vidole, ukafunikwa, makaa machache chini na mengine juu ya mfuniko. Ugali haukurudishwa sufuriani. Ulikatwa vipande na kuchomwa mpaka ukafanya ganda, ukaliwa na chai. Maharage yalikaangiwa kitunguu upya, na kila mtu aliapa kwamba ya leo ni matamu kuliko ya jana. Ukiwa na haraka wali uliungua chini na juu ukabaki baridi, na Mama alikuambia ule hivyo hivyo.

Nilipoolewa nilikuja na taratibu hizo. Baba Rehema ni Mrangi wa Kondoa, mpole, na ana tabia moja iliyonichukua miaka kuielewa: hawezi kusema jambo zito huku anakutazama. Mkalishe sebuleni umuulize kuna nini, atakuambia hakuna kitu. Lakini mpe kipande cha boksi cha kupepelea, mkalishe kwenye kigoda mbele ya jiko, kisha usubiri. Macho yakiwa kwenye makaa, atasema yote.

Hapo jikoni, kiporo kikipata moto, ndipo nilipojua kwamba dumuzi wamekula mahindi ya msimu mzima ghalani. Ndipo nilipojua pia kwamba mama yake hatapona. Mimi nilikuwa nimeamka kumpashia chakula tu, lakini ukiniuliza ndoa yetu iliishi wapi, sitakuonyesha sebule wala chumba. Iliishi pale, kabla hakujapambazuka, tukisubiri wali upate moto.

Mwaka juzi akaleta maikrowevu. Sisi tuliopanga foleni ya sukari enzi zile, siku hizi tunapita kwenye maduka yaliyojaa vitu vya Dubai mpaka barazani, na mtu akipata faida kidogo anaona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu. Aliibeba mwenyewe, imefungwa kwenye blanketi, akaiweka juu ya meza taratibu. Akasema, "Sasa Mama Rehema hutaamka tena kuniwashia moto. Wewe lala."

Nilifurahi, jamani. Moshi ulikuwa umenichosha kifua, na baridi ya uani mnaijua. Jirani yangu Mama Zuhura alikuwa anakuja na kikombe chake cha chai iliyopoa, si kwamba kwake hakuna moto, bali apate kuiona ile sahani ya kioo ikizunguka. Niliuringia mtaa mzima.

Basi nikalala. Alfajiri nilikuwa nasikia kwa mbali mngurumo, mlio, kijiko kwenye sahani, kisha pikapu ikitoka. Ugali wake ulitoka mgumu pembeni na wa kuunguza ulimi katikati, lakini alikula bila kulalamika. Jioni anarudi amechoka, anaoga, anasikiliza taarifa ya habari, analala. Hatukugombana hata siku moja. Tuliulizana habari za kutwa na kujibiana nzuri.

Hatukuzungumza tu.

Wala sikuliona hilo mpaka Alhamisi. Mdogo wake, shemeji yangu Idi, fundi wa kuchomelea kule Kizota, alikuja na mkokoteni. "Shikamoo, shemeji. Nimefuata kile kitanda cha chuma cha stoo. Kaka kasema nikiunge mguu, wiki ijayo kiende Kibaigwa kwenye chumba chake."

Chumba gani?

Idi aliuona uso wangu akajua amevuruga. "Mimi nilijua kakwambia, shemeji." Nikamwambia kitanda hakitoki. Nikafunga stoo, nikafundika ufunguo kwenye pindo la khanga, na mkokoteni ukarudi Kizota mtupu.

Wanawake wenzangu mnaosoma hapa mnajua nilichofikiri. Mwanamume hapangi chumba kwenye mji wa soko na kupeleka kitanda ili akae akitazame. Dini imemruhusu, nami nilijua hilo siku ninaolewa. Lakini kujua jambo ni kitu kimoja na kuliona linakuja na mkokoteni ni kingine. Wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. La kwangu hata kusemwa halikusemwa. Niliogopa, na chakula cha mchana sikukigusa.

Jioni nikamuuliza, tena sebuleni, kana kwamba simjui. Akatazama redio akasema, "Hakuna kitu. Biashara tu."

Kwa hiyo jana nikapika wali mwingi makusudi, ubaki. Na leo kabla ya adhana nikafungua plagi ya maikrowevu, nikatoa fyuzi, nikaitia kwenye kopo la binzari. Ndiyo, mimi, mtu mzima mwenye mtoto wa sekondari. Kisha nikawasha jiko la mkaa uani.

Alipomaliza kuswali alibonyeza vitufe, akafungua mlango, akafunga, akaipiga kofi juu. "Mbona hii kitu haiwaki?" Nikasema labda imekufa. Akataka bisibisi. Nikamwambia bisibisi itakuja baadaye, wali uko motoni, akae kwanza. Baridi ilikuwa ya kweli. Akasogelea moto mwenyewe, na mkono wake ukaokota kipande cha boksi bila kuambiwa.

Nikanyunyizia maji, nikafunika, nikapanga makaa juu ya mfuniko. Halafu nikanyamaza. Wanaonijua watakubali kwamba hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote nilizofanya wiki hii.

Mvuke ulikuwa umeanza kutoka aliposema, akiyaambia makaa, "Mama Rehema, macho yangu hayaoni vizuri."

Akaendelea kupepea. Ni tangu mwaka jana, akasema. Taa za malori zikimjia alfajiri haoni barabara, anaona weupe mtupu. Juzijuzi pale Buigiri aliiacha lami kabisa akaja kusimama katikati ya mabua ya mtama, gari linanguruma, hajui yuko upande gani wa barabara. "Karibu na ile shule ya watoto wasioona," akasema. "Nikajua Mungu ananionyesha pa kuhamia." Akajaribu kucheka.

Ndiyo maana kapanga chumba. Atakuwa analala Kibaigwa siku za soko, asiendeshe tena gizani. Kwa nini hakuniambia? Mwanzoni kwa sababu kila asubuhi nilikuwa nimelala, na yeye ndiye aliyeniambia nilale. Baadaye kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Nami nikacheka.

Hili sikutaka kuliandika, lakini nimelipia saa nzima na sina lingine la kuandika. Mume wangu ananiambia anapoteza macho, na neno la kwanza lililonijia moyoni lilikuwa Alhamdulillahi, hakuna mwanamke. Kicheko kikanitoka kabla sijakikamata, tena cha furaha, cha mtu aliyeambiwa kesi yake imefutwa. Baba Rehema akaacha kupepea. Akageuka akanitazama, yeye asiyetazamaga mtu, akakunja macho kunitafuta katika ule mwanga mdogo. "Unacheka nini?"

Nikasema moshi umenipalia. Akayageukia tena makaa, kisha tukala wali. Machozi yalinijia nilipomwona anapapasa kijiko kilichokuwa mbele yake, na hapo ndipo hofu ya kweli iliponishika, hofu niliyopaswa kuwa nayo tangu mwanzo. Ni mara ngapi amepapasa hivyo jikoni peke yake, nami chumbani nimejifunika blanketi?

Jumatatu nakwenda naye hospitali. Nimeshamwambia, hakubisha. Pikapu ataendesha Idi mpaka tujue moja. Kama ni miwani atavaa, kama ni upasuaji tutaomba ndugu na Mungu, na kama ni kubwa kuliko hayo sijui, sitaki kuliandika kabla halijaja.

Lakini yeye ameshatoa la kwake, na mimi bado nina langu. Ni nani anayefurahi mumewe akimwambia haoni? Ni mimi. Moyo wangu ulisema afadhali asiione barabara awe wangu, kuliko aione vizuri akienda kwa mwingine. Sioni fahari kwa hilo, ila nimeishi na mtu huyu miaka yote na sikujua kwamba nampenda kwa ubaya kiasi hiki.

Jumatatu, tukiwa tumekaa kwenye benchi la wagonjwa tukisubiri kuitwa, nitamwambia nilikuwa nacheka nini. Akikasirika ana haki. Akicheka, tutacheka wote.

Akinyamaza, nitamsubiri.