Ngozi Ileile, Maua Mengine

Mjukuu wangu Furaha,

Nakusalimia kutoka hapa kambini Dzaleka. Sote tuko wazima, na dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Unaniuliza kwa nini pumu yako ya ngozi, iliyokuwa imetulia hapa, inawaka huko ugenini miti inapochanua. Na mimi yalinipata. Kwetu Uvira, Kongo, nilikuwa na mabaka machache tu. Tulipofika hapa Malawi, katikati ya miaka ya tisini, nyasi za huku Dowa zilipotoa maua, mikono yangu ilivimba na kuchubuka. Watu waliogopa kuambukizwa, wakaacha kununua mandazi yangu.

Jirani yangu Mama Zaina, mchuuzi kutoka Kindu, akanipeleka Lilongwe, kwenye kliniki moja ya mtaa wa Mchesi. Muuguzi aliuliza mengi kwa Kichewa, naye Mama Zaina akanitafsiria kwa Kiswahili chetu cha Kongo: "Anasema vumbi la maua ya hapa njo inakuwasha, ya kwenu haikukuwasha. Na haiambukizake." Nikapewa mafuta ya kupaka.

Tuliporudi, Mama Zaina alisimama nami sokoni, akaushika mkono wangu wenye mabaka mbele ya wote, akawaita watu:

"Bantu, muangalie! Leta mandazi, mi nakula."

Akala mawili. Wanawake waliotuangalia wakacheka, wakasogea kununua.

Basi mweleze daktari wa huko kwamba ulikulia penye maua mengine, wala usifiche mikono yako. Mama Zaina alifariki zamani, yeye Mwislamu na mimi mtu wa kanisa, lakini kila nikipiga magoti namshukuru Mungu kwa ajili yake. Sasa ninakuombea nawe upate jirani kama yule.

Ni mimi tate yako,
Estera