Nondo wa Hamad na Udi wa Alhamisi

Jumatano, 5 Novemba
Nimefuta vumbi chumba cha wadudu, kama kawaida. Mwenye kuwafuga, Hamad, mtoto wa bibi mwenye nyumba, yuko Muscat mpaka Jumamosi. Kaniachia nondo wake. Vifukofuko aliviagiza kutoka misitu ya Malesia, vyote vikafa ila kimoja. Nondo mkubwa, upana wa kiganja, rangi ya gome lenye ukungu. Akitua juu ya mti humwoni. Masharti mawili: dirisha lisifunguliwe, dawa ya mbu isipulizwe.

Ni Hamad aliyembembeleza mama yake nipewe likizo. Zuhura wangu anaolewa Unguja, nasafiri Jumapili. Hamad akibadili neno, siendi.

Alhamisi, 6 Novemba
Bibi kaita toka ukumbini, "Yalla Asha, bakhuri kila chumba, wageni njiani!" Nani wa kunifundisha mimi kufukiza? Mapazia, makabati, mito. Nikaingia na cha wadudu, chetezo nikakiweka chini ya kijiti cha nondo. Moshi ulipojaa ndipo nikazindukana. Nikafungua dirisha.

Mjinga mimi! Mjinga kabisa. Kakataza dawa ya mbu. Udi nani angefikiria kuukataza?

Ijumaa, 7 Novemba
Hayupo. Kijiti kitupu. Nimepekua mapazia, majani, gogo la pembeni, nyuma ya kabati. Karuka, kaenda zake, mtaa wote huu wa Muaither, nitampata wapi?

Zuhura kapiga, anauliza hina nitapaka huku au huko. Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata. Nimemwongopea mwanangu. Naogopa. Na hasira ninazo: mtu na ndevu zake kumlea mdudu!

Jumamosi, 8 Novemba
Liwalo na liwe. Hamad aliposhuka garini nikamwambia palepale: udi, moshi, dirisha. Uso ukambadilika. Kaenda moja kwa moja chumbani, mimi nyuma. Kasimama mbele ya gogo la pembeni, lilelile nililolitazama jana mpaka macho yakauma. Kanyoosha kidole.

Alikuwa pale! Nusura nipige kigelegele.

Kamgusa. Akaanguka, mkavu. Hamad kamwokota, kamweka kiganjani. Kisha akasema, "Khala Asha, hawa wakishakuwa na mabawa hawali kitu. Siku zao ni chache. Zake zimekwisha tu."

Jumapili, 9 Novemba
Uwanja wa ndege. Hamad kanileta mwenyewe, begi kalibeba yeye. Njia nzima tumezungumza habari za harusi.

Sijui kama alisema kweli au kanihurumia. Nilitaka kumuuliza. Nikaogopa jibu, nikamshukuru kwa kunileta.