Theodory na Swali la Ukutani

Ursula, weka mwiko chini usome. Theodory, katibu wetu wa usharika, leo kaumbuka ibadani.

Si unaijua ile kompyuta ya kuonyeshea nyimbo ukutani? Mwaka mzima inaomba mfumo mpya, naye anajibu tu: ngoja Pasaka ipite, ngoja mnada wa mavuno upite.

Sasa leo mchungaji anahubiri toba. "Anayesema nitatubu kesho, nani kamwambia ataiona?" Na nyuma yake ukutani, kwa herufi kubwa: WEKA MFUMO MPYA. SASA AU BAADAYE?

Kanisa zima tukasoma. Theodory jasho linamtoka, kanasogea kale kamshale ka kompyuta taratibu mpaka kwenye BAADAYE. Kwenye BAADAYE, Ursula, wote tunamwona.

Mchungaji akageuka. "Hata wewe, katibu?"

Kwa aibu akabonyeza SASA. Ukuta ukawa mweusi, mfumo unajiweka, umefika asilimia mbili tu, na nyimbo zote zimo humo.

Bibi yake Damiani, yule mzee wa kule Bagara, akaanzisha wimbo kutoka kichwani. Tukaimba beti zote, hata zile tunazorukaga.

Mlangoni Theodory akamwamkia bibi, kichwa chini.

"Marahaba, baba. Tangu mashine ije hatujaimba hivi. Kuitengeneza usiharakishe. Ngoja Pasaka ipite."