Wimbo wa Bibi Yangu Nao ni Klasiko

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Nangwa tu wazima, na mama yako amemaliza kuvuna mbaazi.

Umeniuliza kama ni kweli muziki wa klasiko ni wa Ulaya tu, kama anavyosema mwalimu wako. Nilipokuwa sekondari, mwalimu wetu wa Kiingereza alisema klasiko ni mambo ya Wagiriki na Warumi wa kale. Nikamsomea kamusi: pia ni kitu bora kisichochakaa kwa miaka.

"Basi wimbo wa bibi yangu wa kuvunia ni klasiko," nikasema.

"Kaa chini."

Niliuimba wote nikiwa nimesimama. Adhabu ilikuwa kufyeka majani uwanjani, na huko nilipouimba tena, wenzangu wakawa wananiitikia.

Neno hilo lina maana nyingi, Neema. Usikubali mtu akuchagulie moja.

Babu yako