Mawese Kwenye Makaroni ya Baridi

Rumonge, Jumatatu tarehe 9 Juni

Mpendwa dada Agnesi,

Amahoro. Natumaini barua hii itawakuta wewe, Elda na shemeji Leonidasi mkiwa wazima, na goti lako limeacha kuuma. Sisi huku hatujambo, ila usingizi wangu umepungua.

Sabine ameniambia leo asubuhi sokoni kwamba umempigia simu kumkataza kupika kwenye sherehe ya mahari ya Elda, Jumamosi hii tarehe 14. Wanakwaya wa Muhuta, waliokuwa wamemwagiza chakula, nao wamemwacha, maana habari za makaroni zimeshafika kwao. Tangu avuke kutoka Uvira hana kazi nyingine. Nimefagia ua mara tatu, nikashindwa kukaa, ndipo nikachukua kalamu. Kwa simu ungenikatiza.

Siku ile ya kuwapokea wakwe wewe ulikuwa hemani, mimi jikoni. Sabine alichemsha makaroni ya watu themanini, akayachuja na kuyamwagia maji baridi yasishikane. Kuku aliwachoma, akawachambua kwa vidole, akachanganya na karoti, vitunguu, pilipili na mayonezi. Aliniomba nipeleke sufuria mbili kwenye frigo ya duka la jirani yako, kwa kuwa chakula hicho huliwa baridi, kisha akaenda kuoga.

Saa tisa makaroni yalipopakuliwa yalikuwa yameganda kama mshumaa, yananata kwenye kijiko na kwenye kaakaa. Mzee Melkiades, msemaji wa wakwe, aliinua sahani yake akasema wao wamekuja kuomba mke, mbona wanalishwa sabuni ya Rumonge? Hema zima lilicheka. Ulimgeukia Sabine ukamwuliza kama kwao Kongo wageni huaibishwa hivyo. Alijibu tu, "Mama Elda, unisamehe." Alikuwa akitazama mikono yangu.

Dada, kucha zangu zilikuwa nyekundu kwa mawese. Sabine alipokwenda kuoga nilionja, nikaona chakula ni cheupe mno kwa karamu ya watu wetu. Nilipasha mawese, nikatia pilipili ya kusaga, nikamwaga vikombe vitatu katika kila sufuria, ndipo nikazipeleka dukani. Yakiwa ya moto yalinukia vizuri na nilijisifu. Tumekulia kwenye michikichi. Kila Juni tunaona mawese yanavyoganda chupani asubuhi, lakini sikuifikiria frigo. Ulipomfokea, nilikuwa nakusanya sahani. Nikaendelea kuzikusanya.

Leo nimemwuliza kwa nini hakunitaja. Amesema kugombanisha ndugu mbele ya wakwe ni vibaya kuliko makaroni mabaya. Kisha akaniuliza mimi nitanyamaza mpaka lini, maana watoto wake wanakula kila siku.

Nikasirikie mimi, nitavumilia. Yeye mpigie simu kabla ya Alhamisi umrudishie kazi yake.

Idi, anayeleta samaki wa ndagala huko kwenu Kabezi, atakukabidhi barua hii kesho. Nisalimie shemeji, na umwambie Elda kitenge chake kimeshonwa. Murakoze kwa kunisoma mpaka hapa.

Ijumaa saa mbili asubuhi nitashuka Kabezi, pamoja na Sabine ukikubali. Jumamosi, kabla sahani hazijagawiwa, nitamwambia mzee Melkiades ni nani aliyepika ile sabuni.

Mdogo wako,
Anita