Kitambaa Juu ya Kamera

Jumanne, 7 Julai 2009. Nachingwea.

Modemu nimeifunga tena kwenye nondo ya dirisha, upande wa mnara wa simu. Hapo ndipo inaposhika. Nikiishusha mezani, Mbekenyera inapotea.

Saa kumi vituo vyote viwili vya kisomo cha watu wazima vilikuwa hewani. Mbekenyera watu tisa, Nanganga sita. Kila kituo kompyuta moja, paneli ya jua juu ya bati, na wote wanakizunguka kioo kimoja. Mimi niko peke yangu kwenye chumba cha ofisi, naongea na ukuta.

Naandika sentensi hapa, inatokea kule. Vumbi lote lile katikati, mikorosho yote ile, na herufi inafika kabla sijashusha mkono. Wiki ya tano sasa na moyo bado unaruka. Sijamwambia mtu. Wenzangu ofisini wanaiona kama simu kubwa tu.

Leo nilikwenda haraka mno. Mzee mmoja wa Mbekenyera akasema kwenye spika, "Mwalimu, mwenye haraka ni hiyo mashine. Sisi tupo." Wakacheka wote. Mimi nikachelewa kucheka.

Alhamisi, 9 Julai.

Wawili wananishughulisha.

Hamisi wa Mbekenyera. Mkulima wa ufuta, miaka thelathini hivi. Anasoma kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde.

Mama Somoe wa Nanganga. Amepita hamsini. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, alisoma akiwa mdogo, herufi za Kiarabu anazijua vizuri, kwa hiyo kila mstari macho yake yanaanzia kulia. Zuhura, mwalimu msaidizi wa pale, humwekea kidole upande wa kushoto wa kioo. Nyumbani kwa mama huyu hasa ni Mbekenyera. Amehamia kwa dada yake Nanganga kwa ajili ya darasa. Nikauliza kwa nini asisome kwao na kituo kipo. Zuhura akajibu badala yake: "Kule pamejaa."

Hapajajaa. Orodha yangu inaonyesha viti bado vipo.

Mama Somoe hasemi kwenye spika hata mara moja. Anaandika tu, kwa kidole kimoja. Zuhura anasema Hamisi akianza kusoma, mama huyo huvuta khanga mpaka puani. Nadhani ni haya ya mashine. Lakini kila anachoandika yeye, wa kwanza kukisoma Mbekenyera ni Hamisi.

Jumanne, 14 Julai.

Zoezi: andika kwa nini umekuja darasani. Hamisi hakuwepo, alikuwa kwenye msiba.

Wengi waliandika neno moja. Mama Somoe alichukua karibu dakika ishirini. Nikaziangalia herufi zikija moja moja, nyingine zikifutwa, zikirudi.

"mjukuu wangu alikunywa dawa ya kupaka. mimi nilileta chupa. sikujua kusoma."

Zuhura akanieleza kwa simu baadaye. Dawa ya upele, nyeupe kama maziwa. Nesi aliandika vizuri kwenye karatasi ya chupa. Mtoto akanyweshwa kijiko kizima. Alilazwa, akapona. Sasa anakimbia. Mama Somoe ameapa hatamuuliza tena mtu chupa imeandikwa nini.

Nimesoma miaka kumi na sita. Sijawahi kuihitaji herufi namna hii.

Alhamisi, 16 Julai.

Bwana Komba, mkubwa wangu, ameleta kamera mbili ndogo. Wafadhili wanataka kuona nyuso za wanafunzi. Niandike ukweli: na mimi nilitaka. Wiki sita nasikia sauti na kuona herufi. Nilitaka kuwaona, na waonane. Darasa moja. Nilifurahi kama mtoto.

Jumanne, 21 Julai.

Nimeharibu.

Nilianza na Nanganga. Nikamwomba Zuhura amweke Mama Somoe mbele, kwa sababu ndiye niliyejivunia zaidi. Picha ikaja kwa vipande, halafu uso mzima, umejaa kioo. Nikasema kwa furaha, "Mbekenyera, mnamwona mwenzenu?"

Kelele za viti. Kitu kikaanguka. Mtu akasema, "Yallah, mkwe wake."

Hamisi amemwoa binti wa Mama Somoe. Huku mkwe hakai uso kwa uso na mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Ndiyo maana mama aliacha viti vitupu vya Mbekenyera akahamia Nanganga. Wote kule walijua. Mimi ndiye mwenye digrii.

Nikajaribu kuiondoa picha. Mtandao ukakwama. Uso wa Mama Somoe ukaganda kwenye kioo cha Mbekenyera, mkubwa, mdomo wazi kidogo, macho yakitazama mbele. Karani wa kata, anayesimamia kituo cha Mbekenyera, anasema Hamisi alikuwa kona ya mbali na mlango, na ili atoke ilibidi apite mbele ya kioo. Akageukia ukuta, akajifunika kichwa kwa shati. Mpaka mzee mmoja alipotupa koti lake juu ya kompyuta.

Nasikia aibu mpaka kwenye meno.

Alhamisi, 23 Julai.

Nanganga watano. Mama Somoe hayupo. Mbekenyera wanane. Hamisi hayupo.

Nimefundisha silabi. Hakuna aliyecheka.

Jumamosi, 25 Julai. Nanganga.

Nimekuja kwa basi dogo, nimekula vumbi njia nzima. Zuhura alinipokea bila tabasamu.

"Dada, si ungeuliza?"

"Si ungeniambia?"

"Mambo ya wakwe yanatangazwa? Kwenu mnatangaza?"

Kwetu Bukoba pia kuna mambo hayatangazwi.

Mama Somoe alikuwa ukumbini kwa dada yake, anapeta ufuta. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo, nikaomba radhi. Akaendelea kupeta. Ungo ulipokwisha akasema, "Mwanangu, wewe hukujua. Lakini mimi nimeonekana. Kinywa wazi, wanasema."

Nikasema ndiyo, kidogo.

Dada yake akacheka kwanza. Halafu yeye, kidogo sana, ndani ya khanga. Lakini alisema hatarudi. Amekunja mkeka wake, Jumatano ijayo anarudi kwake. Aibu ya mkwe haifutwi na mwalimu. Anayepaswa kuifuta ni mkwe mwenyewe, na Hamisi yuko kimya.

Nikauliza, na kusoma je?

Akasema, "Nitauliza watu. Kama zamani."

Hilo ndilo nililorudi nalo. Nimeandika hapa ili nisijidanganye baadaye: nitakuwa mimi niliyemrudisha kwenye kuuliza.

Jumanne, 28 Julai.

Kabla ya darasa nilimpigia karani. Nikamwomba amfikishie Hamisi habari moja tu: mama anaondoka kesho, anaacha shule. Sikuongeza. Safari hii niliuliza kwanza namna ya kusema, karani akanifundisha.

Alhamisi, 30 Julai.

Bado yuko Nanganga.

Zuhura kasimulia. Jana asubuhi mkeka ulikuwa tayari mlangoni. Bodaboda ikafika, dereva amefunikwa vumbi mpaka kope. Nyuma amekaa mjomba wake Hamisi, kakumbatia jogoo na khanga mpya doti moja, vya kufuta aibu. Maneno yalisemwa kwa Kimwera, marefu. Mama Somoe alisikiliza akiwa ndani, nyuma ya pazia. Jogoo akapokelewa. Mkeka ukarudi ndani.

Amesema atakuja darasani. Ana sharti moja.

Jumanne, 4 Agosti.

Sharti: alichana upindo wa khanga ile mpya, akaufunga mwenyewe juu ya kamera. Mafundo matatu. Zuhura anasema hata mkasi hautaufungua haraka. Bwana Komba aliuliza wafadhili nitawaambia nini. Nikamwambia wataona herufi. Akasema, "Basi andika ripoti mwenyewe." Nitaandika.

Wote kumi na tano hewani.

Jumanne, 11 Agosti.

Nilirudia zoezi la kwa nini umekuja, kwa waliolikosa. Kwangu lilikuwa zoezi tu. Hamisi aliomba asisome kwa sauti. Akaandika. Yeye ana kasi sasa.

"nilimpa mtoto dawa ya kupaka kwa kijiko. mimi ndiye baba yake."

Chupa ileile. Mmoja aliileta, mmoja akashika kijiko. Mwaka mzima kila mmoja kabeba kosa lote peke yake, nyumba zinatazamana, na hakuna njia ya kusemezana. Wakaja darasani kwa sababu moja, mmoja Mbekenyera, mwingine mpaka Nanganga.

Nilitaka kuandika kitu. Nikaondoa mikono kwenye vibonye, nikaikalia.

Upande wa Nanganga herufi zikaanza.

"tuliileta wote."

Halafu Mbekenyera:

"shikamoo mama"

"marahaba"

Zuhura anasema Mama Somoe hakujifunika. Alikiangalia kioo wazi wazi, kichwa juu, kama anayemtazama mtu. Sijui nimeona nini leo. Watu waliokatazwa macho, na waya usioonekana ukawapa mahali pa kukutana bila kuvunja kitu chochote. Sikufundisha mimi. Mimi nilifunga modemu dirishani tu.

Alhamisi, 20 Agosti.

Darasa la mwisho kabla ya Ramadhani. Kila mtu aje na kitu chenye maandishi kutoka nyumbani. Mbekenyera walileta mfuko wa mbolea, kadi ya kliniki, kiberiti.

Mama Somoe alikuja na chupa tupu. Aliihifadhi. Karatasi ya nesi imepauka lakini bado imeshika. Zuhura alitaka kumwekea kidole upande wa kushoto. Mama akausogeza pembeni mkono wa Zuhura, taratibu.

Akaandika alichosoma.

"ya kupaka. isinywewe."

Kule Mbekenyera, Hamisi akasoma kwa sauti, si ile ya ng'ambo ya bonde. Ya chini. Maneno matatu tu.

Halafu tukaagana, vituo vikazima kimoja kimoja. Nimeiacha modemu pale pale kwenye nondo.