Kibahasha Chenye Jina Lako

Mama, shikamoo.

Huku Mgeta ukungu haujainuka tangu nifike, na njegere ni tamu hata zikiwa mbichi. Ila mdogo wako amekonda. Yeye anasema ni kazi za shamba. Mimi nashuku maji. Anayachemsha vizuri kabisa, kisha anayamimina kwenye dumu lake la miaka yote. Nimepitisha kidole ndani, kunateleza kama bamia. Utando wa namna hiyo tunauona kila siku maabara. Vijidudu vya kuharisha hujificha humo, na hata tumboni hujifunika hivyohivyo ili dawa isivifikie.

Nilipomwambia, Mama mdogo akacheka. "Tumbo likichafuka, dawa ipo." Akatoa kibahasha cha vidonge kwenye kopo la majani ya chai. "Zamani nilikunywa viwili tu nikapona. Siku hizi hata vinne havifui dafu."

"Unanunua duka gani?"

"Sinunui, naletewa," akasema, akiangalia pembeni.

Nikakigeuza kibahasha. Kimeandikwa kidonge kimoja mara tatu kwa siku, kwa siku saba, na juu yake jina lako, Mama. Wewe uliyetuapia kwamba ulimaliza dozi.

Nimemnunulia ndoo mpya yenye koki, na kesho nampeleka zahanati akapime choo. Nakupenda sana, na mchuzi wako nimeukumbuka. Lakini nikifika nyumbani, kabla hata sijakaa, naanza kupekua kopo lako la chai, nione nawe umeficha vidonge vingapi.

Mwanao, Agnes